Mhariri, hiyo "i" ya mwisho inanenepesha watu

Kwako mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za huko. Mi mzima huku Mbeya, mvua na baridi vinashindana, gazeti linatufikia ila siku zingine linafika mchana tena limelowa kona.

Naandika kuhusu ile safu yenu ya kujifunza Kifaransa, hasa ile ya wiki tatu nyuma iliyokua na maneno ya kumwelezea mtu, mrefu, mfupi, mnene, mpole na mengine. Mi nakaa mapokezi kwenye gesti moja huku Iyunga, kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, na wateja wetu wengi ni wa safari ya Kongo, madereva wa malori yanayopeleka mizigo mpaka Lubumbashi na kurudi na shaba, na wafanyabiashara wa kila aina, na tangu Kongo waingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 mi naona kama wamezidi kuongezeka. Hao wa Lubumbashi wala hawanipi shida, Kiswahili chao kina Kifaransa humo humo kama mawe kwenye mchele lakini unatafuna tu mnaelewana. Shida ni wanaotoka Kinshasa au Kasai, kwao ni Kilingala au Chiluba, Kiswahili wanajua cha kuombea maji na Kifaransa changu nacho ni hicho hicho cha kuombea maji, sasa hapo mnakua mmekutana watu wawili wenye kiu.

Na kazi ya mapokezi usiione hivi, nusu yake ni kuelezea watu. Mgeni anarudi jioni anauliza nani alikuja kuniulizia, huwezi kumjibu "mtu", atataka kujua mtu gani, mrefu au mfupi, ana ndevu hana, alivaaje, mzee au kijana. Ndo maana nilivyoiona ile safu nilifurahi, nikaikata kwa mkasi nikaibandika kwa selotepu pembeni ya ubao wa funguo, kila neno mmeweka na jinsi ya kulitamka kwenye mabano, nikasema leo nimepona.

Sikupona. Siku mbili baadae kuna mama mmoja wa Kinshasa, mteja wetu wa siku nyingi, anauza vitenge, alirudi toka soko la Mwanjelwa na mizigo yake akauliza kama kuna mtu alimfuata. Kweli alikuja bwana mmoja mrefu mnene. Nikatupia jicho ukutani nikasoma kama mlivoandika: "Madame, un monsieur, grandi, grosi." Yule mama akaweka mizigo chini. Akanirudisha, "Grandi? Grossi?" Nikasema oui, grandi, grosi, tena nikaonyesha na mikono. Alicheka yule mama mpaka akaegemea kaunta, akamwita na dereva wake aje asikie.

Kumbe mhariri ni hivi. "Grand" ambayo ni mrefu, ile d ya mwisho haitamkwi, unasema "gra" halafu unaimalizia puani. "Gros" ambayo ni mnene, s haitamkwi, ni "gro" basi. Sasa sisi Waswahili tumezoea kila neno lazima litue kwenye irabu, ndo maana tuna benki na basi na shati, tukikutana na neno limeishia hewani tunalibandikia i lisianguke. Kwenye Kifaransa hiyo i sio pambo, ina maana yake. "Grandi" maana yake amekua. "Grossi" maana yake amenenepa. Yani mi nilimwambia yule mama kuna bwana amekuja, amekua, amenenepa, na ye akawa anajiuliza ni mtoto wa ndugu yake gani huyo niliyemjua tangu mdogo. Halafu chini yake mmeandika "maigre", mwembamba, kwenye mabano mkaweka "megri". Na "maigri" ni amekonda. Kwa hiyo safu yenu nzima hakuna mtu alietulia na mwili wake, wote ama wamekua ama wamenenepa ama wamekonda tangu tuliposhindwa kuonana mara ya mwisho.

Mpole nae mmemwandika "jentili". Ni "zhanti", ile l ya "gentil" imekufa. Akiwa mwanamke ndo "gentille", unasikika "zhantiy", hapo ni kama y inabaki ulimini. Hiyo zh sisi hatuna, ila sema sh huku koo linatetemeka kama nyuki yuko ndani ya chupa, utaipata. Na hapa kuna kitu kizuri ambacho safu haikusema kabisa, kwamba mara nyingi konsonanti inayolala kwa mwanaume inaamka kwa mwanamke. Mwanaume mdogo ni "pti", mwanamke "ptit". Mwanaume "gra" ya puani, mwanamke "grande", d yake inasikika. Mwanaume mnene "gro", mwanamke "grosse", s yake inasikika. Pale kaunta mi kanuni yangu ndo hiyo, nikisikia neno limegonga mwishoni najua anaongelewa mwanamke, japo sio mara zote maana "riche" na "jeune" na hiyo "maigre" ni hivo hivo kwa wote.

Kuhusu sauti za puani nimeona mmeandika "grang" na "kontang", hiyo ya pili ni "content", mwenye furaha. Mnatuumiza. Msomaji wa Rungwe au Makete ataisoma hiyo ng kama ya ngoma. Ingekua bora mkasema tu, chukua ng' ya ng'ombe, ianze, usiifunge. R yao ya koo ni kama gh ya ghali, kwa wale mnaoitamka gh, maana huku kwetu wengi tunasema "gali" na tunapunguziwa bei kama kawaida. Lakini hiyo r isiwatoe jasho, wateja wangu wa Kongo wanaizungusha ulimini kama sisi na hakuna alieshitakiwa.

Inayotoa jasho ni u. Ile u iliyoandikwa u, sio ile iliyoandikwa ou. "Ou" ndo u yetu ya kuku. U yao unakaza midomo kama unataka kupiga mluzi halafu ndani unasema i. Nyie mmeandika zote "u" mkaondoka zenu. Sasa sikiliza kilichonipata. Mzee mmoja wa Mbuji-Mayi aliniuliza kama nina uhakika basi la asubuhi linaondoka saa kumi na mbili, nikamjibu kwa kujiamini "je suis sûr", ila kwa u ya kuku. Akaniuliza tena, kwa sauti. Nikajibu tena. Akasogea karibu na sikio akapiga kelele, mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko akidhani ugomvi. Mi nilikua nasema "je suis sourd", mi kiziwi. Na nilikua namjibu vizuri kabisa kila alichouliza, ndo kilichomchanganya zaidi. Basi mkiandika maneno ya kumwelezea mtu hayo mawili yawekeni pamoja, ya hakika na kiziwi, yatenganisheni wazi. Na "russe" na "rousse" pia, mmoja Mrusi mwingine ni mwanamke wa nywele nyekundu, ingawa Iyunga sijabahatika kumpata yeyote kati yao.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya nikae chini niandike, maana matamshi kila mtu anakosea hata mi nakosea. Mhariri, huyo mwandishi wenu hatafsiri kutoka Kifaransa. Anatafsiri kutoka Kiingereza. Najuaje? Mmeandika "Il est 30 ans", na Kiswahili chake "Yeye ni miaka 30". Hakuna Mswahili anaesema yeye ni miaka 30 na hakuna Mfaransa anaesema hivo. Wao wanasema "il a trente ans". ANA miaka 30. Neno kwa neno kama sisi! Nina njaa, "j'ai faim". Nina kiu, "j'ai soif". Ana nywele ndefu, "elle a les cheveux longs", na ndefu imekaa nyuma ya nywele kama kwetu. Mtu mwerevu, "un homme intelligent", mtu kwanza sifa baadae. Na hayo mambo ya sifa kubadilika kufuata jina sisi ndo tunayoweza kuliko mtu yeyote, mtu anaejua mtoto mdogo, kitabu kidogo, nyumba ndogo, gari dogo atashindwaje petit na petite ambazo ni mbili tu? Toka hapa kwenda Tunduma ni kama kilomita mia, nyie mnatupitisha Dar kwanza.

Na njia hiyo ya kuzunguka ina hatari zake. Anaepitia Kiingereza akitaka kusema anasikia joto atasema "je suis chaud". Mhariri, dada wa mapokezi akimwambia mgeni wa kiume hivo ni kajitangaza, na mi mke wa mtu. Sema "j'ai chaud", nina joto, basi kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Halafu umri wenyewe, mmetufundisha sabini ni "soixante-dix", yani sitini na kumi, kweli ndo ya Ufaransa. Ila Wakongomani walitawaliwa na Wabelgiji mpaka 1960, wao sabini wanasema "septante" na tisini "nonante". Mi siku ya kwanza kuandika kwenye fomu umri wa mzee wa watu nilisikia "septante" nikaandika 7, maana "sept" ni saba.

Kuna yale ambayo hata ukitamka vizuri tafsiri inakuangusha. Mgeni mmoja alikua anamsifia wakala wake wa forodha wa Tunduma, akasema "lui, il a le bras long". Kijana wetu wa usafi alisoma Kifaransa kidogo sekondari, akamtafsiria bosi, anasema huyo jamaa ana mkono mrefu. Kwetu mwenye mkono mrefu si ni mdokozi? Bosi akanyamaza. Jioni wakala kaja kumsalimia mgeni wake, mwanaume wa watu na koti lake na faili kwapani, bosi akamfuata nyuma kila alipoenda, chooni akamsubiri mlangoni, na alipoondoka tukahesabishwa taulo na rimoti za vyumba vyote. Kumbe Kifaransa mkono mrefu ni mtu mwenye watu, akipiga simu moja mzigo unatoka. Sisi huyo tunasema anajuana na watu. Na mchoyo sisi tunasema mkono wa birika wao wanasema tu "radin". Mvivu eti ana unywele kwenye kiganja, "un poil dans la main", maana hakifanyi kazi mpaka nywele zimeota, hiyo niliipenda nikampa yule kijana wa usafi. Moyo wa jiwe ndo uko vile vile kwao, "un cœur de pierre", na mkarimu ana moyo juu ya mkono.

Na mi mwenyewe nilishamtafsiri fundi wetu wa umeme vibaya. Jamaa alikua amechoka, ile amechoka ya mtaani, viatu vimeisha na madeni kila duka, nikasema "il est fatigué". Mgeni akasema basi apumzike aje kesho, akazima taa akalala, na mi nilikua namwombea fundi hela ya kianzio.

Neno lingine la kuangaliwa ni hilo hilo la unene. Huku kwetu ukikutana na mtu hujamwona mwaka unamwambia umenenepa, umenawiri, na anafurahi, anakuuliza na watoto. Yule mama wa vitenge nikimwambia "vous avez grossi" anajishika kiuno anazunguka. Sasa kulikua na Wafaransa wenyewe, mke na mume, walilala kwetu wakielekea Kitulo kuangalia maua, Bustani ya Mungu, wakarudi baada ya siku nne wamekula viazi na maziwa ya Makete wamependeza kweli, nikampa yule mama sifa yake kwa moyo mweupe. "Madame, vous avez grossi!" Tabasamu lilikauka mhariri, nililiona likikauka. Mume akawa anaangalia kalenda ukutani. Baadae yule mume ndo alinifundisha, kwa upole lakini, kwamba kwao hiyo haisemwi, nikitaka kumwambia mtu kanawiri niseme "vous avez bonne mine", natamka "vuz ave bon min". Hilo ndo neno ambalo safu ya Kiswahili ingetakiwa ianze nalo, maana sisi ndo salamu zetu. Na "vieux" pia, wateja wangu wa Kongo wanamwita mtu mzima le vieux kwa heshima kama sisi tunavyosema mzee, lakini Mfaransa ukimwita hivo anaweza asipende.

Mpangilio nao una mambo. "Un homme grand" ni mtu mrefu. "Un grand homme" ni mtu mkubwa wa historia, Mkwawa wa Kalenga ni grand homme hata kama angekua mfupi kama mimi, na hapo ile d iliyokufa inafufuka inakua t, "gra-tom". "Un pauvre homme" ni mtu wa kuhurumiwa, maskini wee, anaweza kua na malori kumi, "un homme pauvre" ndo hana kitu. Mmeweka zote mstari mmoja na koma katikati.

Ila kuna sehemu Kiswahili kinatuzidi akili jamani. Kuna siku simu ya gesti ililia usiku, mke wa mgeni anapiga toka Kinshasa, anauliza mume wangu yupo? Yupo. Yuko na nani? Sasa kwa Kiswahili ningesema yuko na rafiki yake, amani inatawala, yeye ni yeye, amekuja ni amekuja, hakuna anaejua ni baba au mama. Kifaransa hakikuachii. Lazima useme un ami au une amie. "Ami" yenyewe inasikika vile vile, ni hiyo un na une inayokutoa. Nilibaki na simu mkononi nahesabu. Mwishoni nikasema "avec ami", bila chochote mbele, kama mtu asiejua lugha, na kwa mara ya kwanza ujinga wangu ulimsaidia mtu. Kama alistahili kusaidiwa hilo lingine.

Na "tu" ya wewe na "vous" ya heshima mmeeleza kwa robo ukurasa kana kwamba ni kitu kigeni. Mnyakyusa haambiwi hicho. Rika lako au mdogo wako unamwambia ugonile, mkubwa unamwambia mugonile hata akiwa peke yake, ndo vous hiyo hiyo, wingi wa heshima. Andikeni mstari mmoja hivo watu wa huku tutawaelewa tumesimama.

Ninachoomba ni safu iendelee, msiifute kwa sababu yangu, ila atafutwe mtu anaesikia Kifaransa kwa masikio, wapo wa Alliance Française hapo Dar na Arusha, au hata Mkongomani yeyote wa Kariakoo, awasomee kwa sauti kabla hamjachapa. Mabano yaandikwe kwa herufi zetu na hizo i za mwisho zitolewe.

Ile karatasi yenu bado iko ukutani, nimeifuta futa kwa kalamu nyekundu. Yule mama wa vitenge kaondoka Jumanne, kabla hajaondoka aliomba kalamu akaongeza mstari wake chini: "La réceptionniste est têtue." Ilibidi nimuulize yule kijana wa usafi. Ni mbishi, mwenye kichwa kigumu. Na ameiandika na e mwishoni kwa sababu mi mwanamke, ingawa hiyo e ukisoma haisikiki.

Ni mimi msomaji wenu,
Dada wa mapokezi,
Iyunga, Mbeya